Aliyepima Ugali

Watu wa kipimo walifika mwaloni, pwani ya ziwa inakoegeshwa mitumbwi ya uvuvi, chini kidogo ya Mkuyuni, jua likiwa bado linafikicha macho. Jana yake walipita na kipaza sauti: kesho asubuhi mtu asinywe hata chai, tunapima sukari. Wavuvi wa dagaa wakatii kama watoto wa kipaimara. Waliporudi kutoka ziwani wakajipanga na mikono yao inayonuka, nesi Sabina akawatoboa vidole mmoja mmoja.

Wiki iliyofuata Dokta Elias, mkuu wa utafiti huo, akapanda juu ya meza ya kuuzia samaki na kutangaza majibu. Zaidi ya nusu ya wavuvi walikuwa na sukari ya kutisha.

"Mwalo huu umeipita mitaa yote tuliyopima," alisema, karibu kwa furaha, ungedhani anakabidhi kombe.

Yeremia, mmoja wa hao waliotangazwa, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kilikatika aliposikia sauti ya Jairo, mwenye mtumbwi ambao Yeremia alikuwa akivulia, nahodha na mnunaji kwa pamoja.

"Wenye sukari wote wa chombo changu, msirudi. Mtu akizimia huko majini, maiti nabeba mimi? Nina mashemeji Shirati wanataka kazi."

"Mashemeji!" Yeremia alidakia. "Kumbe ugonjwa wetu ulikuwa unasubiriwa kwa hamu."

"Cheka tu. Utachekea nchi kavu."

Hapo ndipo utani ulipomtoka. Mtumbwi ule ndio uliomlisha yeye, mama yake na wadogo zake. Akamfuata Dokta mpaka kwenye gari na kuushika mlango.

"Dokta, shikamoo. Asubuhi ile ulitupima tumetoka wapi?"

"Marahaba. Ziwani. Toa mkono."

"Ziwani tunafanyaje? Tunalala?"

Dokta alikunja uso.

"Tunapovuta wavu wa mwisho, kabla hakujapambazuka, tunakula. Ugali mlima mzima, na soda juu. Nyinyi mnakoroma. Tukifika hapa bado tunacheua."

"Tuliwaambia msile!"

"Mlisema asubuhi. Asubuhi hatukugusa kitu. Sisi tunalala mchana, Dokta, hata mbuzi wa hapa wanajua. Hukupima watu wewe, umepima ugali. Halafu umetutangazia ugonjwa kwenye meza ya samaki, na mimi nimekosa kazi."

Waliosimama karibu wakaguna. Dokta aliangalia mkono ulioshika mlango wake kana kwamba ni kinyesi cha kuku.

"Kuna kipimo kingine," alisema hatimaye, akiuma meno. "Kinaonyesha sukari ilivyokaa kwenye damu kwa miezi kama mitatu. Ugali wa jana hauwezi kukidanganya. Upungufu wa damu unaweza, kwa hiyo huo nao tutaupima. Na kikisema unaumwa, sitaki kelele."

"Lete."

Jairo naye akaapa mbele ya watu: kipimo hicho kikimsafisha mtu, anarudi kazini.

Wakatolewa damu ya mkononi. Majibu yaliporudi, ile nusu ya mwalo ikanywea. Waliobaki na sukari ni wachache, wa kuhesabu huku unatembea. Kwenye mtumbwi wa Jairo, Obedi mzima, Mihayo mzima, wengine wazima. Mgonjwa mmoja tu.

Yeremia.

Nesi Sabina alimpa vidonge na kumwambia kazi ataweza, mradi ameze dawa na aachane na soda. Dokta alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Jioni Jairo alisimama kwenye maji ya magoti. "Wazima pandeni. Wewe, mwanasheria wa ugali, nenda nyumbani."

Obedi na Mihayo, waliorudishiwa kazi na kelele za Yeremia, walipanda wakiangalia miguu yao. Shukrani gani hizo!

"Sawa," Yeremia alisema. "Anayeumwa hapandi. Na wewe kunja shati."

"Nini?"

"Mara zote mbili tulipopimwa ulijifanya una safari. Nahodha akizimia, sisi tunaelea na nani? Unamaliza dumu la maji kabla hatujatega taa za dagaa, na unasimama ukingoni kukojoa kila tukigeuka. Sabina bado yuko pale juu. Twende."

Jairo aliweka mkono mfukoni, haraka mno.

Mihayo akauona mkono ule. Akashuka. "Bosi, kapime kwanza. Mimi kuogelea sijui."

"Mvuvi hujui kuogelea!" Obedi alifoka, lakini naye akashuka.

Jairo aliwatukana kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili pasiwe na aliyekosa fungu lake. Hakuna aliyesogea. Mitumbwi mingine ilikuwa imeshawasha injini.

"Panda," alisema mwishowe, akiyaambia maji.

"Nani?"

"Panda, mbwa wewe, kabla sijabadili mawazo!"

Yeremia alipanda nyuma ya wenzake, vidonge vyake mfukoni. Hakuna aliyempisha; ilibidi amsukume Obedi kwa goti ndipo apate pa kukaa.