Weupe wa Chini ya Ukurasa

Ofisi ya kugawa nyumba ilifunguliwa kama kawaida. Karani alipangusa kioo cha kompyuta, akaita wa kwanza kwenye foleni, akabofya vichupo vya juu ya fomu: Jina, Nyumba, Familia. Mkono wake ulikuwa mwepesi, haukungoja macho. Ulibofya pale pale kila mara, na hapo ndipo palipokuwa na maafa, maana kurasa hazikulingana urefu. Penye familia kubwa ukurasa ulirefuka, kitufe cha Hifadhi kikakaa chini ya kidole. Mjane, mgumba, mtu asiye na wa kumwita ndugu, ukurasa wake ulikuwa mfupi: vitufe vilipanda juu, na chini ya kidole kikaja Futa.

Hili lilisemwa siku mfumo unaletwa. Likasemwa tena. Wakubwa wakajibu kwamba watu watazoea.

Fundi wa programu wa ofisi ile alikuwa na shangazi asiye na mtoto. Tangu shangazi huyo afutwe kwenye mfumo hakuonekana, si kwake, si sokoni; nyumba yake wakapewa wengine. Fundi hakuomba ruhusa tena. Alivipa vichupo vyote urefu mmoja, ule wa familia kubwa kuliko zote, na penye upungufu akaacha weupe. Vitufe vikatulia.

Kesho yake asubuhi waliofutwa walikuwa wamesimama kwenye weupe ule, wadogo kama punje za mchele, mamia kwa mamia, kila mmoja na mzigo wake. Karani alibadilisha kichupo, akarudi. Hakuna aliyetikisika hata unywele. Ofisi nzima ikasogea kwenye kioo, kama watu wanaotazama mvua ikija.

"Mama, sogeza mkoba kidogo," karani alimwambia mmoja wao, "kishale kinapita."

"Kipite tu, baba. Mbona siku ile hukuomba njia?"

Fundi aliijua sauti ile. Akainamia kioo. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Huku sasa kumetulia; zamani tulikuwa tunarushwarushwa kama bisi. Haya, nitoe niende kwangu."

Fundi akamwita bosi. Bosi akavaa miwani, akatazama, akatazama, machozi yakamlengalenga.

"Wazuri jamani," akasema. "Wamekanyaga kitufe chochote?"

"Hapana, bosi. Wanataka kurudi. Nipe ruhusa tu, nawarudisha leo hii."

"Warudi nyumba zipi? Zote zina watu. Ukurasa umetulia, wewe unataka kuutibua tena?"

"Kwani aliyeutibua ni nani?" Shangazi akauliza kutoka kwenye kioo.

Bosi akaagiza mwanga wa kioo upunguzwe, waliomo wasije wakaumia macho, na kompyuta isizimwe kabisa. Karani akaita anayefuata. Shangazi akautua mkoba, akaukalia. Upande wa pili wa mji, kwake, mwanamke asiyemjua alikuwa anafungua madirisha.