Chumvi Iliyooshwa

Kazi yangu ni kupima chumvi kiwandani. Nadondosha tone la dawa kwenye kijiko cha chumvi: ikigeuka buluu, madini ya iodini yamo, ikibaki nyeupe, mzigo wote unarudishwa. Miaka tisa sijakosea, na kila mwezi nampelekea mama pakiti mbili za chumvi ya mawe.

Sasa niambie, shingo ya mdogo wangu imevimbaje?

Mdogo wangu anaishi na mama, ana mimba ya miezi mitatu. Nesi wa kliniki alimpapasa koo akauliza, "Kwenu mnakula chumvi gani?"

"Dada yangu ndiye anayeipima!" akacheka.

Nesi hakucheka. Alimwambia tezi ya shingo hailishwi hewa, inataka iodini. Ikikosa, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaoumia.

Nilipopigiwa simu nilitoka kazini bila kuaga, kichupa cha dawa mfukoni. Njia nzima nilijiuliza swali moja. Kama kosa ni langu je? Hata salamu sikutoa; nilipitiliza jikoni, nikadondosha tone kwenye chumvi ya mama. Nyeupe. Nikarudia. Nyeupe pe!

"Mama! Chumvi hii umeitoa wapi?"

"Si hiyo yako? Nimeiosha tu."

"Umeiosha?"

"Nisiioshe, na mikono yote hiyo ya kiwandani imeishika? Naisuuza maji matatu, naianika kwenye ungo. Tangu niolewe sijapikia chumvi chafu, mwanangu."

Nikafoka. Mungu anisamehe, nilimfokea mama yangu mzazi: iodini yote imekwenda na maji! Nikamwaga ungo mzima, nikafungua pakiti mpya, nikadondosha tone. Buluu.

"Mtakula hii, isiguswe na maji mpaka iingie chunguni," nikamwambia mdogo wangu. "Na kesho tunarudi kliniki, mimi na wewe."

Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Mama alikuwa anamtazama kaka yetu, aliyekaa mlangoni. Kaka ana miaka thelathini na mmoja, lakini akili yake ni ya mtoto, na mama ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

"Hiyo iodini," mama akauliza polepole, "walianza kuitia lini?"

Mwaka huo umeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti la kiwanda. Naupita kila asubuhi. Ni mwaka mmoja kabla kaka hajazaliwa.

"Juzijuzi tu, mama," nikasema. "Sote tulikuwa tumeshazaliwa."

Akashusha pumzi, akaenda kumfunga kaka kifungo.