Kiatu Kifuani

Tangu asubuhi fundi viatu alikuwa ameshaiaga dunia mara nne. Kila alipovuta pumzi ndefu, kitu kilimchoma katikati ya kifua, naye akajua ni moyo tu, hakuna kingine. Na harusi ya bintiye ilikuwa keshokutwa! Wiki tatu nzima alikuwa amejifunza kucheza, akikumbatia ufagio, ili amchezeshe mwanawe bila kumkanyaga.

Akaona bora afe akiwa msafi. Akamwita mkewe.

"Mama watoto, yule paka wako hakupotea. Nilimpeleka mwenyewe kwa shangazi."

Mkewe akajifunga kanga. "Vaa viatu twende zahanati. Ukipona tutaongea."

Daktari, mwanamke mwembamba asiye na haraka, alisikiliza mapafu, akapima homa, kisha akambandika nyaya kifuani kupima moyo. Maswali yakamiminika. Maumivu yanakimbilia mkononi au kwenye taya? Hapana. Jasho jembamba? Pumzi zinakata akipanda ngazi? Kikohozi? Hapana, hapana, hapana. Fundi akaanza kuona aibu kwa kukosa dalili.

"Kiungulia ukishakula?"

"Nile saa ngapi, daktari? Siku tatu hizi nashona viatu vya wasindikizaji wa bibi harusi, jozi kumi na mbili!"

"Unashonaje?"

Fundi akavua kiatu, akakisimika kisigino katikati ya kifua, akavuta kwa mikono miwili uzi usiokuwepo. "Aaaa!"

Daktari akaweka kidole palepale, akabonyeza.

"Aaaa!"

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. "Na asubuhi ameniungamia hadi habari za paka!"

"Moyo wako uko sawa," daktari akasema. "Umeumiza pale mbavu zinapoungana na mfupa wa kifua. Lakini umefanya vizuri kuja. Siku kifua kikikubana, ukatoka jasho au ukakosa pumzi, usikae kuungama, kimbia hospitali. Kwa sasa meza dawa ya maumivu, na kwa wiki mbili kiatu kisikuguse kifuani. Wala mtu."

Fundi alitoka akirukaruka kwa furaha.

"Sasa," mkewe akasema getini, "kuhusu paka." Ilibidi wapitie kwa shangazi.

Ilikuwa imebaki jozi moja, ya bibi harusi mwenyewe. Binti akaishikilia kifuani pake, baba akavuta uzi, na paka, ambaye sasa alikuwa mnene ajabu, akauchezea uzi huo mpaka baba, mama na binti wakaishiwa nguvu kwa kicheko.

Harusini fundi alisalimia wageni akiwa amenyoosha mkono kama askari wa barabarani, mtu asimsogelee. Muziki ukaanza. Binti akaja na viatu vyake vipya, akasimama mbali kidogo.

"Baba, daktari alisema..."

"Daktari hakualikwa."

Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Kifua kilimuuma vibaya mno. Fundi alipiga ukelele, akacheka, machozi yakamtoka, na hakumwachia mpaka wimbo ukaisha.