Mguu wa Nugget

Glenys Tranter aliamka na hasira siku ya mtihani wa mbwa, na wala hakujisumbua kuificha. Alibamiza birika, akabamiza kabati, na mumewe Kev alipomwambia apunguze moto, akamwambia apunguze yeye mdomo.

"Huyo mkaguzi akileta za kuleta," alisema, "namla nyama hapohapo."

Alikuwa na sababu. Kwa miaka miwili idara ya vibali ilikuwa imemzungusha: leta hiki, rudia kile, subiri mkaguzi kutoka Brisbane. Kufundisha mbwa alikuwa anajua, lakini bila kibali cha ukufunzi, mbwa anayefundishwa naye si mbwa wa kumsaidia mgonjwa mbele ya sheria. Ni mbwa tu, na chuo cha uuguzi hakiruhusu mbwa tu darasani.

Aliyesubiriwa na darasa hilo alikuwa Shona Beetson, binti wa jirani. Sukari yake ya damu ilikuwa inashuka ghafla bila yeye kusikia dalili yoyote, na mara ya mwisho mama yake alimkuta sakafuni bafuni, hajitambui. Tangu hapo hakwenda mahali peke yake. Nugget, mbwa mweusi mwenye masikio mapana, alikuwa akiinusa sukari ikianza kushuka, anamwekea Shona mguu wa mbele pajani. Hapo Shona anajitoboa kidole, anapima, anakunywa maji ya matunda, mambo yanaendelea.

Mguu ule haukuwa na kazi nyingine. Nyumbani kwa Glenys, alikolala Nugget mpaka afuzu, hakuna aliyeruhusiwa kumwomba asalimie nao. Wageni walioinama kumwambia "lete mkono" walitolewa nje, akiwemo kasisi.

Mtihani ulifanyika Jumamosi hiyo kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mkaguzi, Bi Marchetti, hakuleta za kuleta hata kidogo. Alikuwa mpole, alimsalimia Shona kabla ya kumsalimia mtu mwingine yeyote, kisha akasimama kando aone kazi. Glenys alikosa mahali pa kutua hasira zake, na jambo hilo nalo likamuudhi.

Nugget alipita katikati ya misumeno na matoroli kama mzee anayekwenda ibadani. Mtoto aliangusha biskuti mbele yake, Nugget akairuka. Mwanamume mmoja aliangusha ndoo za chuma, Nugget akamtazama Shona tu. Bi Marchetti akatabasamu. Moyo wa Glenys ukaanza kulegea.

Ilibaki kutoka tu. Na nje ya mlango, kama kila Jumamosi, kikosi cha zimamoto cha kujitolea kilikuwa kinachoma soseji za kuchangisha fedha, na aliyeshika koleo alikuwa Kev, kavaa aproni, vitunguu vinakaangika, watu wamepanga foleni na slesi zao za mkate mkononi.

Nugget alivuta kamba. Hakurukia bati la moto wala hakumgusa mtu kwenye foleni. Alimburuta Shona moja kwa moja mpaka nyuma ya meza, akaketi kwa adabu mbele ya Kev, akainua mguu wa mbele na kumwekea pajani. Kisha akafungua mdomo, akasubiri.

Watu kwenye foleni wakacheka. "Huyo anajua rafiki yake ni nani," mmoja akasema.

Kev hakucheka. Masikio yalimwiva mekundu.

"Kev," Glenys alisema polepole. "Sema si wewe."

"Kipande tu, Glen. Ncha zile zinazoungua, hata haziuziki."

"Tangu lini?"

"Ananiangalia mwenzio, nami moyo si jiwe. Siku moja akaniwekea mguu, nikaona... nikaona kapendeza."

Glenys alisikia damu ikimpanda mpaka machoni. Angekuwa mkaguzi, angemtukana. Ingekuwa idara, angeiandikia barua ya kuitia aibu. Lakini alikuwa Kev, aliyejenga banda la Nugget kwa mikono yake, Kev anayempenda yule mbwa kuliko alivyowapenda shemeji zake wote. Ndiyo maana alitamani kumpiga na lile koleo.

Bi Marchetti alimvuta pembeni. "Leo siwezi kukupa kibali, Glenys. Mbwa anayeomba chakula ningeweza kumvumilia. Huyu anaomba chakula kwa ishara ileile ya kuonya sukari inashuka. Mfundishe upya, nitarudi baada ya miezi sita."

"Masomo yanaanza mwezi ujao."

"Najua. Pole sana."

Shona alikuwa bado amesimama mbele ya Kev, ameshika kamba kwa mikono yote miwili. Huyu binti alikuwa hana kawaida ya kumpandishia mtu sauti, na hata sasa hakuipandisha.

"Mjomba Kev, nikiamka usiku na mguu wake uko juu yangu, nitajuaje anataka nini?"

Kev akaweka koleo mezani. Nyuma yake soseji zikaungua.

Jioni hiyo Glenys alitoa begi la Kev akaliweka barazani.

"Kwa kaka yako kuna karavani ya kulala. Utakaa huko mpaka mbwa afuzu."

"Glen, hivi kweli? Unanitoa mimi, unamwacha mbwa?"

"Mbwa ana mtihani. Wewe umeshafeli wako."

"Nimekosa, nimekubali. Lakini kwa sababu ya vipande vya soseji, mwanamke?"

Shona alikuwa ameketi kwenye ngazi, Nugget miguuni pake. Kev akiwa bado anajitetea, Nugget aliinuka, akamwekea Shona mguu pajani.

Shona akatoa kipimo mfukoni, akajitoboa. Glenys akakimbilia ndani kuchukua maji ya machungwa. Aliporudi, Shona alikuwa amekikodolea macho kile kipimo.

"Sukari iko sawa," alisema.

Nugget hakuwa anamtazama yeye. Mguu ulikuwa bado pajani kwa Shona, lakini macho na mdomo uliofunguka vilikuwa vimeelekea kwa Kev.

Kev aliokota begi lake, akashuka ngazi.