Moshi wa Gari la Taratibu

Kila asubuhi, mchumba wangu akishanifikisha kwenye geti la gereji ninakofanya kazi, sikuwa nashuka mara moja. Nilikuwa natoa kitambaa na kufuta vumbi kwenye dashibodi ya gari lake, kuanzia upande wangu hadi upande wake, huku yeye akilalamika kwamba namchelewesha kazini. Hakuwa akilalamika kweli. Huo ndio ulikuwa wakati wetu.

Asubuhi hiyo kitambaa kilinasa kitu. Kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi umeme, kilibanduka nyuma ya usukani, na chini yake ikatokea taa ndogo ya rangi ya chungwa. Taa ya injini.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Muda kidogo."

"Muda kidogo ni lini?"

Alishika usukani kwa mikono miwili kana kwamba tulikuwa mwendoni. "Nilitaka kukuambia. Kesho nalipeleka ukaguzi wa moshi. Bila cheti siwezi kusafiri nalo."

"Kusafiri kwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Alikuwa amepata kazi ya kupima ardhi, mbali sana, kunakochongwa barabara mpya. Angeondoka Jumamosi. Aliyasema hayo akitazama geti, na alipomaliza nikangoja aendelee, maana katika maneno yote yale mimi sikuwemo.

Nilipaswa kuuliza. Lakini mimi si msemaji. Neno likiwa zito hunikwama kooni nikabaki nimeinamisha kichwa. Nikasema, "Liache gari. Nitalitazama."

"Na haya mengine tutaona," akasema.

Mjomba wangu, mwenye gereji, alikuwa anafungua mlango wa stoo. Yeye ndiye aliyempa mchumba wangu jina la Taratibu, kwa sababu anaendesha kama aliyepakia mayai.

"Shikamoo, mjomba," Taratibu akamwamkia.

"Marahaba, mkwe. Umefika mapema leo. Au uliondoka jana?"

Kisha akauona ule utepe mkononi mwangu, akacheka hadi akaegemea mlango. "Umeiziba taa? Mkwe! Mficha maradhi kifo humuumbua!"

Taratibu alitabasamu kidogo, akanikabidhi funguo, akaenda zake kwa miguu.

Nililiwasha gari. Lilitoa moshi mweusi na harufu ya petroli iliyokwangua koo. Mjomba alinusa mara moja tu. "Kichujio cha moshi kimekufa. Kata, tutafute kingine."

Chuoni nilifundishwa kwamba kichujio hakifi chenyewe. Kwanza mtafute aliyekiua. Nikachomeka mashine ya kusomea hitilafu za gari. Sensa, kile kidude cha kupima hewa kwenye bomba la moshi, ilikuwa inalia kwamba hewa ni nyingi mno, na kompyuta ya gari, kwa kuiamini, ilikuwa inaongeza petroli, na kuongeza, na kuongeza. Injini ilikuwa imeshiba hadi inatapika, lakini bado ililishwa kama yenye njaa.

Tukaliacha lipoe. Mjomba akapuliza hewa ya kompresa polepole kutoka nyuma, kwenye bomba la moshi, yaani ekzosi, nami nikalala chini ya gari na brashi, nikipaka maji ya sabuni kila panapounganika bomba. Pale ekzosi inapokutana na injini, sabuni ikaanza kutoa mapovu. Gasketi, ile pete ya kuziba kiungo, ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba usioonekana kwa macho, na hewa ya nje ilikuwa inapenya hapo. Sensa haikuwa mbovu; hewa hiyo ndiyo iliyoidanganya. Kichujio nacho kilikuwa kizima, masizi tu.

Ilikuwa kazi nzuri, na siku nyingine ningepiga kelele za furaha. Badala yake nililala pale pale chini ya gari lake nikalia, brashi ikidondosha sabuni kwenye shingo yangu.

"Sabuni imekuingia machoni?" mjomba aliuliza kutoka juu.

"Ndiyo, mjomba."

"Sabuni hii ni kali," akasema. Akaenda kutafuta spana, akakaa huko muda mrefu, na spana ilikuwa mfukoni mwake.

Nilibadilisha gasketi. Moshi ukakata, injini ikatulia. Nilipokwenda kunawa mikono, mjomba, kwa kutaka kunifurahisha, alifanya alichozoea kuyafanyia magari maisha yake yote: alichomoa waya wa betri, akangoja, akaurudisha.

"Taa imezima, mwanangu! Kazi kwisha!"

Nikakaa juu ya tairi. Kompyuta ya gari sasa ilikuwa imesahau kila kitu, hata vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe barabarani. Wakaguzi wangechomeka mashine yao, wakute hakuna kipimo kilichokamilika, walirudishe. Wanawajua wanaofuta kumbukumbu ili kuficha ubovu.

"Nimeharibu?" mjomba aliuliza, uso umemshuka.

"Hapana. Itabidi tu liendeshwe leo leo, kwa mpangilio, hadi lijipime upya."

"Basi lichukue, wewe si una leseni?"

"Aendeshe mwenyewe," nikasema. "Mimi nitasoma mashine."

Mjomba alinitazama, akatikisa kichwa.

Taratibu alikuja jioni, injini ikiwa imepoa kama inavyotakiwa. Nilikaa kando yake, mashine mapajani. Tukaliacha gari lingurume kidogo, kisha tukashika barabara kuu.

"Ongeza mwendo."

"Hivi?"

"Ongeza. Lori la mchanga linatupita."

"Lipite tu, na sisi si tutafika?" Akacheka, nami nikacheka, na kwa kitambo tukawa wale wa kila siku.

"Sasa shikilia hapo hapo. Usiongeze, usipunguze." Kipimo cha kwanza kikakamilika. "Umeshafunga vitu?"

"Karibu vyote."

"Na pazia?" Nililishona mwenyewe, kwa mkono, la dirisha la chumba chake.

Alitazama kioo cha pembeni. "Nimeliacha. Mpangaji mpya atalihitaji."

Nilitazama mashine. Herufi zilikuwa zinaelea kwenye machozi. "Ondoa mguu," nikasema. "Usikanyage breki. Liache lipungue lenyewe."

Gari likawa linateleza kimya kimya, mashamba yakipita dirishani polepole. Kipimo cha pili kikakamilika. Kilibaki kimoja tu. Ningeweza kusema bado, na bado, tukaenda hivyo hadi petroli iishe. Kisha nacho kikakamilika.

"Tayari," nikasema.

Alisimama pembeni ya barabara. "Litapita?"

"Litapita."

"Ahsante. Sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Niambie tu."

Alizima injini. Lori jingine lilipita, gari letu likatikisika. "Nakwenda peke yangu," akasema mwishowe. "Nataka kuanza upya huko. Nilidhani nikinyamaza utaelewa, isiwe mimi niliyekuumiza."

"Nimeelewa tangu asubuhi."

"Mbona hukusema kitu?"

Nilikunja waya wa mashine, nikaukunjua, nikaukunja tena. Neno lilikuwa pale pale linapokwama siku zote. Safari hii sikuinamisha kichwa.

"Gari nimelitengeneza vizuri kwa sababu sijui kutengeneza vibaya," nikamwambia. "Lakini sikutaka lipite. Nilitaka ubaki. Na kama ungesema twende, ningekwenda nawe. Nakupenda, na nilitaka ubaki."