Mkate wa Tatu

Jumamosi moja ya Novemba mwaka 2006, Perpétue alikuwa jikoni kwake mtaa wa Vårby gård, katika nchi ya Waswidi, akioka mikate mikavu ya Kiswidi. Alifundishwa na bibi Gunborg, kikongwe wa miaka themanini na minane ambaye Perpétue alikuwa akimhudumia kazini. Unga wa rai, nafaka ya nchi za baridi, maji, chumvi, hamira kidogo. Unasukuma donge mpaka liwe jembamba kama ngozi ya ngoma, unalidonoadonoa kwa uma, kisha unakata tundu katikati kwa mdomo wa glasi ndogo, ili baada ya kuoka mikate itundikwe kwenye fimbo ikauke. Ikikauka vizuri hukaa miaka.

Alipoinua mkate wa tatu kuukagua, akaona kupitia tundu lake jiko la dada yake Séraphine, kule Uvira. Sufuria ya maharage ilikuwa motoni. Kando yake aliketi binti yake Aurore, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye walipotezana wakati wa vita akiwa na minne.

"Mama," Aurore alisema, "uko munene kushinda kwenye picha."

"Ni baridi ya huku. Mama mukubwa eko wapi?"

"Alienda ku soko."

Perpétue akapitisha mkono tunduni, akamgusa paji la uso. Lilikuwa na moto. Akatafuta vidonge vya homa kabatini, akampa viwili, akamwambia anywe na maji mengi. Halafu akaoka mikate iliyobaki.

Jumatatu alimsimulia Gunborg.

"Wa tatu?" kikongwe aliuliza. "Wa mama yangu ulikuwa wa tisa. Alikuwa akimwona kaka yake kule Amerika. Usiuweke karibu na mvuke."

Perpétue alijaribu kuoka mwingine wenye tundu la upana wa ndoo, ili mtoto apite mzima. Kupitia hilo aliona ukuta wake mwenyewe na kalenda ya kanisa. Gunborg hakushangaa, mama yake naye alijaribu, akaona zizi lake.

Basi mama na binti wakaishi kwa tundu la glasi. Jumapili Perpétue alimkata binti yake kucha. Alhamisi, siku ambayo Waswidi hula supu ya njegere na chapati za maji, alizipika nyembamba kwa maziwa na mayai, akazipaka jamu, akazikunja kama mkeka na kuzipitisha zikiwa za moto. Aurore naye alipenyeza madaftari ya shule aliyoyakunja, na mkono wake uliojaa wino ukaelekeza penye makosa.

Mwaka 2009 Perpétue aliitwa ofisi ya uhamiaji kuhusu ombi lake la kumleta mtoto. Aliubeba mkate ndani ya kopo la keki, kwenye treni ya metro, akiwa amesimama ili usibanwe. Afisa aliitwa Lennart. Perpétue aliusimamisha mkate juu ya meza, na mkono wa Aurore ukatoka mpaka kwenye kiwiko.

"Goddag," ilisema sauti ya mtoto, kama alivyofundishwa kusalimia.

Lennart akaushika mkono, akasalimia. Akaupa kalamu, ukaandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Perpétue akamwonyesha kovu la uji wa moto karibu na kifundo. Lennart akaandika: *mkono wa kulia, kovu moja.*

"Ni mkono wenye adabu sana," alisema. "Lakini sheria inataka pasipoti."

"Kule pasipoti ya mtoto hawatoi mpaka mzazi afike mwenyewe."

"Basi itabidi ufike."

"Nikienda, si mtaninyang'anya kibali cha kuishi huku? Nilikimbia kule."

Lennart akafikiri. "Ndiyo," alisema, "tutakunyang'anya." Akaenda kumletea kahawa, na aliporudi akaupa mkono biskuti ya tangawizi. Mkono ukaipokea, ukarudi Uvira.

Ombi likakataliwa. Perpétue akakata rufaa, nayo ikakataliwa. Akaomba upya, akaambiwa asubiri. Gunborg akafa katika kusubiri huko, na mkono ukaendelea kukua. Mwaka 2011 kiwiko kiligoma kupita. Mwaka uliofuata kifundo kilipita kwa sabuni tu, na baadaye hata sabuni haikusaidia.

Machi 2013, wiki moja baada ya Aurore kutimiza miaka kumi na minane, barua ilifika. Perpétue alikuwa akichemsha viazi vya chakula cha mchana. Aliisoma mara mbili kwa Kiswidi, halafu akauteremsha mkate kutoka kwenye fimbo.

"Wanasema nini?" Aurore aliuliza.

"Wanasema umekua. Jalada wamelifunga."

"Ni kweli," Aurore alisema. "Nimekua."

Akatoa vidole vinne, ndivyo pekee vilivyokuwa vikipita siku hizo. Perpétue akavishika. Viazi vilipoiva, akaviachia vidole kidogo amwage maji, kisha akavishika tena.