Nani Kawaambia Nina Tezi

Alisimama juu ya kichwa cha baba yangu na viatu vyake vyeusi, akitupa pole.

Hakujua. Mvua za masika zilikuwa zimelisawazisha kaburi, na msalaba wa mbao tulikuwa tumeung'oa asubuhi ile kumpisha fundi aliyekuja kulijengea. Yalibaki masale, mmea wetu wa makaburini, tuliyopanda kwenye pembe zake, na mtu wa Dar es Salaam akiona masale mgombani anadhani ni maua tu. Bwana Jackson, afisa wa kampuni ya boti, aliona mahali tambarare, akasimama hapo na shada lake mkononi.

"Kampuni inasikitika sana," alisema. "Lakini ukweli usemwe. Abiria wote walielekezwa. Mzee Eliufoo alikaidi maelekezo."

Alikaidi. Neno hilo alishalisema redioni, na lilifika kwetu Masama kabla ya jeneza. Watu walitushika mikono kanisani, wakitoka nje wakanong'ona: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba yangu! Mzee wa kanisa, mtu ambaye bwana shamba akimwambia apogoe kahawa, jioni ile ile matawi yako chini.

Tulikuwa tunakwenda Unguja kumwona mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kaka yangu. Baba hakuwahi kupanda chombo cha majini. Alivaa koti lake la ibada, akabeba mkungu wa ndizi za mtori wa mkwe wake aliyejifungua. Akakaa mbele kabisa, dirishani, mkungu kati ya miguu. Mimi tumbo lilinichafuka mapema, nikaenda nyuma kutapika. Nikiwa nimeinamia maji, moshi ulianza kufuka kule mbele, na kipaza sauti kikalia: "Abiria wote, nendeni tezi! Nendeni tezi!"

Mimi nilikuwa tezi tayari, natapika, na sikujua kwamba mahali pale panaitwa hivyo. Shuleni tulikariri kwamba ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwalimu akatuambia maana yake mtu ni kwao, tukapata alama zetu. Tezi yenyewe ni nini, nani aulize? Kwetu mlimani tezi ni uvimbe wa shingoni. Kwa wazee ni ile nyingine, ya huko chini, inayowaamsha usiku kwenda msalani.

Baba alikuwa nayo hiyo. Daktari mmoja wa Moshi alimwambia, na tuliojua ni mama na mimi peke yetu. Aliona haya hata kulitamka jina lake. Alisema tu, "ule ugonjwa wangu."

Aliyekaa naye siti moja ni Hilaria, muuza mitumba wa Kiboriloni. Yeye aliwafuata waliokimbia, si kwamba alielewa. Alikuja msibani kutusimulia, analia.

"Nilimvuta mkono, dada. Nikamwambia, mzee, tunaitwa, twende. Akanitoa mkono. Akasema, 'Mimi siendi. Nani kawaambia nina tezi?'"

Walimkuta kwenye kiti chake, moshi umemmaliza, mkungu bado uko kati ya miguu.

Neno moja tu lingetosha. Nyuma. Mtoto wa chekechea analijua. Nilipompigia simu Bwana Jackson kumweleza, alinijibu kwa upole kabisa kwamba tezi ni Kiswahili fasaha cha mabaharia, na kampuni haiwezi kulaumiwa kwa sababu ya abiria wasiojua Kiswahili. Wasiojua Kiswahili! Baba aliyeisoma Biblia ya Kiswahili kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, akamaliza, akaanza tena! Nilikata simu, na hasira ile sijaitua mpaka leo.

Na sasa alikuwa hapa, juu ya kichwa chake, analirudia lile lile. Nikasimama. Nikamwambia kwa Kichagga, taratibu na kwa heshima zote, asogee, amemkanyaga baba.

Alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuongea.

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Wazee wakainamisha macho. Mama akanishika kitenge.

"Winfrida, huyo ni mgeni."

"Nimemwelekeza mara mbili, mama," nikasema, sasa kwa Kiswahili, ili na yeye asikie. "Nimemwambia atoke juu ya kichwa cha baba. Amekaidi maelekezo."

Bwana Jackson akatazama chini. Akayafuata masale kwa macho, pembe hadi pembe. Aliinua mguu mmoja ukabaki hewani, hajui pa kuuweka.

"Samahani," akasema. "Samahani sana. Niende wapi?"

"Nenda tezi."

Hakuna aliyecheka. Mama akaachia kitenge changu.